Zimwi la Filme na Zimwi la Nyumbani

Mwezi huu ninataka tuzungumze juu ya filme za woga, zile ambazo vijana wetu wanapenda kutazama usiku, na ambazo sisi wazazi tunazikataza kwa mdomo, kiisha tunasimama nyuma ya mlango ili tuone mwisho wake. Usiseme kwako haiko. Iko. Uwe Bukavu, Kamituga, Kolwezi ao Likasi, mahali penye umeme kidogo ao jenereta pana kioo kinachowaka, na mbele ya kioo pana batoto waliojifunika shuka mpaka puani.

Wahubiri wengine wanasema: zitupwe zote, ni mlango wa shetani. Wengine wanasema: ni mchezo tu, waache. Mimi nimefundisha watoto hapa Kadutu miaka mingi, na sikubaliani kabisa na hawa wala na wale. Filme ya woga ni kama kisu cha jikoni. Kisu kinakata sombe, na kisu kinakata kidole. Lazima tujue tunakishika wapi.

Hadithi nyingi katika filme moja

Kuna namna moja ya filme ya woga ambayo ni ndugu kabisa ya mazungumzo ya jioni kwenye moto. Haina hadithi moja ndefu. Ina hadithi tatu, nne ao tano fupi, na zote zimefungwa kwa kamba moja: mzee anayezisimulia, ao wageni waliokutana katika nyumba moja na kila mmoja anatoa yake. Waingereza walifanya filme ya namna hiyo katika mwaka 1945, inaitwa Dead of Night. Mjapani Masaki Kobayashi alitoa Kwaidan katika 1964, hadithi nne za kale za kwao. Mwamerika George Romero alitoa Creepshow katika 1982. Wewe uliyekaa karibu na koko yako ukisikiliza hadithi za zimwi, moja ikiisha unaomba nyingine, hutaona mgeni hapo.

Namna hii inapendwa sana na watu wenye pesa kidogo. Kwa sababu gani? Hadithi fupi inahitaji watu watatu na chumba kimoja. Unaweza kuipiga kwa siku mbili. Ikiwa hadithi ya kwanza ni mbaya, ya pili inakuokoa. Watu watatu wanaweza kugawana kazi, kila mmoja na hadithi yake, kiisha wanaziunganisha. Na woga wenyewe ni bei rahisi. Vita inataka magari na askari; arusi inataka nguo na chakula; lakini woga unataka giza tu, na giza ni bure. Mlango unaofunguka polepole, hatua za miguu bila mwenye miguu, kimya kirefu, kiisha kelele ya ghafula: hayo yote hayagharimu kitu.

Waafrika tumelielewa jambo hilo vizuri. Katika mwaka 1992, kule Nigeria, Kenneth Nnebue alitoa filme ya video inayoitwa Living in Bondage, katika lugha ya Kiigbo. Ni habari ya kijana Andy anayetafuta utajiri. Anaingia katika kikundi cha siri, na kikundi kinamwomba damu ya mtu anayempenda. Anamtoa mke wake. Utajiri unakuja, lakini mzimu wa mke nao unakuja. Filme ile ilipigwa katika kanda za video za kawaida, haikupita katika sinema kubwa, na watu wengi wanasema kwamba hapo ndipo biashara nzima ya filme za Nigeria ilipopata nguvu. Katika miaka ya 2000 Mtanzania Mussa Banzi alitoa filme za woga kwa Kiswahili, kama Nsyuka na Shumileta. Na katika mwaka 2021 Wanigeria watatu, C.J. Obasi, Abba Makama na Michael Omonua, walitoa filme moja ya hadithi tatu inayoitwa Juju Stories, ikaonyeshwa na kupata tuzo huko Locarno, Uswisi. Hadithi moja katika hizo tatu inatokana na maneno ambayo kila mtoto wa Lagos ameyasikia: usiokote pesa barabarani, utageuka kuwa kiazi kikuu. Sema ukweli, ndugu: hata kwetu hapa, si unaogopa kidogo kuokota noti iliyokunjwa kwenye njia panda?

Woga wenye mwisho

Mzazi mmoja aliniuliza: Mwalimu, sisi watu wa Bukavu tumeogopa vya kutosha, sababu gani batoto wanakwenda tena kutafuta woga?

Ni ulizo la haki. Mji huu umeona usiku mwingi. Oktoba 1996 ulitekwa, na askofu mkuu wetu Christophe Munzihirwa akauawa. Juni 2004 tena, askari waasi waliingia, wakapora, wakatenda mabaya kwa wanawake na wasichana. Februari 2025 wapiganaji wa M23 wakaingia. Mtoto wa hapa anajua kulala chini ya kitanda kabla ya kujua kuandika jina lake.

Lakini tazama tofauti. Woga wa risasi hauna mwisho unaoujua. Hujui ni saa ngapi utakwisha, hujui nani atakosekana asubuhi. Woga wa filme una mwisho. Unaogopa ukiwa na ndugu zako kushoto na kulia, mnapiga kelele pamoja, kiisha mnacheka, taa inawaka, na wote mko bado hapo. Kijana anajaribu moyo wake kidogo kidogo, kama mtu anayeingia ziwani kwa kuanza na miguu. Kwa hiyo mimi siwezi kumhukumu kijana anayependa hadithi ya kutisha. Hata Maandiko yana mfalme Sauli anayekwenda usiku kwa mwanamke wa Endori, na mitume wanaolia kwa hofu juu ya maji wakidhani Bwana ni mzimu.

Hatari iko mahali pengine. Hatari inaanza taa ikisha kuwaka.

Dhahabu inataka damu?

Kila zimwi linaonyesha kidole mahali fulani. Watu wa Katanga wanakumbuka hadithi ya batumbula, ambayo wazee waliisimulia wakati wa Wabelgiji: watu wanaowinda wenzao usiku, ili waliokamatwa waliwe na Wazungu. Hakuna aliyeonyesha chungu walimopikwa. Lakini fikiri: ni wakati ambapo vijana walitolewa vijijini kwenda kazi za migodi, na wengine hawakurudi. Hadithi haikuwa kweli, na woga ulikuwa kweli. Vile vile mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye wachoraji wa Lubumbashi walimchora katika picha nyingi zilizotundikwa sebuleni: anakupa mali, anakula watu wako. Mchoraji alisema kwa rangi kile ambacho mke wa mfanyakazi alikisema kwa machozi: pesa imeingia, na nyumba imevunjika.

Sasa sikiliza wachimbaji wetu wa leo. Mwenga, Kamituga, Luhwindja, mahali pote utasikia neno moja: dhahabu inataka damu. Mtu akipata mali kwa haraka, wanauliza amemtoa nani. Shimo likianguka, wanauliza nani ameliuza. Ni hadithi ile ile ya Andy wa Living in Bondage, lakini hapa hakuna anayezima kioo.

Septemba 2020 mvua kubwa ilinyesha Kamituga, na mashimo yakaporomoka juu ya wachimbaji. Walisema watu karibu 50 wamekufa, wengi wao vijana. Kilichowaua ni nini? Maji yaliyoingia ndani ya udongo, mashimo yaliyochimbwa bila miti ya kutosha ya kuyashika, na umaskini unaomfanya mtu ashuke shimoni hata mvua ikinyesha. Kweli dhahabu ilikula damu. Lakini aliyeitoa si mulozi aliyeruka juu ya mti. Tukisema ni mulozi, hakuna atakayeuliza juu ya miti, juu ya mvua, juu ya yule anayenunua mchanga kwa bei ya chini na hajashuka hata siku moja. Zimwi la uongo linamficha zimwi la kweli.

Vijana wa kartie na filme yao

Sasa niruhusu nikusimulie jambo nililoliona kwa macho yangu.

Vijana wa jumuiya yetu, wasichana wanne na wavulana sita, walitaka kufanya filme ya woga. Pesa hawakuwa nazo. Walikuwa na simu moja nzuri ya mmoja wao, shuka moja nyeupe, na tochi mbili. Waliniomba kiwanja changu na waliniomba nisome maandishi yao. Nilikubali.

Walichagua hadithi tatu. Ya kwanza: msichana anaokota kioo kizuri kando ya ziwa, na kila akijitazama anaona mtu nyuma yake. Ya pili: mchimbaji anasikia jina lake likiitwa kutoka katika shimo lililofungwa. Damu walifanya kwa tomato ya mkebe na sukari. Uso wa mzimu walipaka unga wa muhogo. Sauti ya shimo ilikuwa kijana mmoja aliyesema ndani ya bidoni tupu. Nilicheka sana, na usiku nilipopita karibu na lile bidoni niliongeza mwendo kidogo.

Hadithi ya tatu ilikuwa ya mtoto mulozi. Mtoto anakula nyama usiku pamoja na wachawi, anamaliza jamaa yake mmoja mmoja, mpaka mchungaji anakuja na kumfukuza pepo. Na kwa sehemu ile walikuwa wamekwisha kumchagua mtoto: kijana wa miaka tisa aliyekaa kwa shangazi yake, mistari miwili juu ya kwangu. Baba yake alikufa Kamituga. Mama alikuwa ameolewa mbali. Ni mwembamba, hasemi sana, macho makubwa.

"Sababu gani huyu?" niliuliza.

"Mwalimu, huyu njo anafaa," mmoja alijibu. "Hata kwao banasema anaamukaka usiku, anasimama ku mlango. Hatatufanyisha kazi mingi."

Wengine walicheka. Msichana mmoja hakucheka. Alikuwa mdogo kuliko wote, alishika tochi tu. Alisema: "Mukimufanya mulozi mu filme, kesho ku barabara batamuita vile vile. Na kesho kutwa shangazi yake atamupeleka ku chumba cha maombi. Muliona wale batoto banafungwaka kule, banakosa chakula siku tatu. Nani atasema 'katisha, filme imeisha'?"

"Lakini yaya, filme ya woga bila mulozi haiko filme!"

Wakaanza kubishana, na mimi nikaona kwamba ubishi ule ni mkubwa kuliko filme yao. Niliwasimulia filme moja ya Marekani ya mwaka 1995, Tales from the Hood, ya Rusty Cundieff, nayo ni ya hadithi nne za woga katika kanda moja. Katika moja, mtoto wa shule anakuja na alama za mapigo mwilini, anasema kuna zimwi linakuja usiku nyumbani. Mwalimu wake hamcheki, wala hasemi mtoto ana pepo. Anakwenda nyumbani kutazama. Na zimwi ni nani? Ni mwanaume anayeishi na mama yake, anayewapiga wote wawili. Mtoto alisema kweli tangu mwanzo. Alikosa tu jina jingine la kumwita mtu yule.

Vijana walinyamaza. Kiisha yule wa kwanza akasema: "Sasa huyu wa kwetu, anaamukaka juu ya nini?"

Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Jioni ile tulikwenda kwa shangazi, mimi na yule msichana wa tochi, tukaomba ruhusa kwa heshima, tukaketi. Shangazi mwenyewe si mtu mbaya. Ana watoto watano, anauza samaki ndagala sokoni, ana deni, na tangu mtoto aje mambo yalikuwa yamemwendea vibaya. Jirani mmoja alimtia neno sikioni. Tulipomwuliza mtoto polepole, alitazama chini, akasema: "Nasikia kamyo. Papa alisema atarudi na kamyo ya usiku."

Ndugu msomaji, unajua barabara ya Kamituga. Karibu kilomita 180, na wakati wa matope magari yanalala njiani, yanaingia Bukavu saa yoyote ya usiku. Watu wakubwa walikuwa wamemficha kifo cha baba, walimwambia baba yuko kazini. Kwa hiyo kila kamyo iliyopanda mlima, yeye alisimama mlangoni kumfungulia.

Shangazi alijifunika uso kwa kitambaa. Ilibidi mtoto aambiwe ukweli, na aliambiwa, na siku zile hazikuwa nyepesi katika nyumba ile. Sitakudanganya kwamba deni lilikwisha ao kwamba jirani alifunga mdomo. Lakini kwenye chumba cha maombi hakupelekwa.

Hadithi ya tatu waliiandika upya. Katika hiyo mtoto anasema kuna zimwi linalokula vitu vya marehemu baba yake. Usiku vyombo vinapotea, redio inapotea, karatasi za parsele zinapotea, na watu wanasema mtoto ndiye anayevipeleka kwa wachawi. Mwisho wake tochi inawaka, na zimwi lina viatu vya baba mkubwa. Kijana wetu wa miaka tisa alicheza yule mtoto, na alicheza vizuri kuliko wote. Tuliionyesha jumapili moja jioni, juu ya shuka, katika sala ya parokia, dakika 26 yote. Tochi ilipowaka juu ya viatu, hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mbele yangu alitoka nje mapema.

Tufanye nini?

Wazazi, msikimbilie kukataza. Keti na watoto, tazama pamoja nao. Wadogo wasitazame filme za watu wakubwa. Mtoto wa miaka sita hajui kutenganisha kioo na nyumba, na ndoto zake atakuamsha nazo wewe. Wakubwa waulize: hapo damu walifanya kwa nini? Mpiga picha alisimama wapi? Mtu aliyejua kwamba mzimu ni unga wa muhogo hapati taabu kulala.

Vijana, mnaweza kufanya filme kwa simu na tomato ya mkebe, na ni kazi nzuri. Lakini kabla ya kuandika, ulizeni: yule tunayemwita zimwi atarudi kulala wapi usiku huu? Ikiwa ni mzimu wa ziwani, hakuna shida. Ikiwa ni mtoto yatima, mzee mwenye macho mekundu kwa moshi, ao mwanamke asiyezaa, basi huyo ana jina na ana mlango katika kartie yenu.

Na sote tujue sheria. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwamba ni mulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamtia hatiani anayefanya hivyo. Haisemi "isipokuwa mchungaji", wala haisemi "isipokuwa jamaa yake". Ukiona mtoto amefungwa, ananyimwa chakula ao anachomwa ili "aseme", usingoje. Mwambie paroko, mwambie mkubwa wa avenyu, peleka neno kwa wale wanaolinda watoto.

Mwisho ni neno la imani. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye ao wazazi wake. Walitaka mwenye kosa. Bwana alikataa ulizo lenyewe, akainama, akashika udongo, akamponya. Sisi tuliokaa katika nchi ya migodi tunaujua udongo. Kila siku tunaushika ili kutafuta ndani yake kitu kinachong'aa. Tuushike pia kwa kazi ile.

Maulizo kwa jumuiya

1. Katika filme ya woga uliyoitazama mwisho, zimwi alikuwa nani? Katika kartie yako, nani anafanana naye, na watu wanamtendea namna gani?

2. Shimo likianguka ao mtoto akifa, ni ulizo gani tunalouliza kwanza? Ni ulizo gani tunaliogopa?

3. Kuna mtoto karibu nawe anayefanya jambo lisiloeleweka? Nani amemwuliza sababu?